Ombi la Kung'oa Matembele ya Bi. Perpetua

Makarius Thadeo,
Mabwerebwere, Kilosa.
Tarehe 2 Mei.

Kwa Bi. Anitha,
Afisa Kilimo wa kata yetu.

Ndugu Afisa Kilimo,

Marahaba. Najua kama tungekutana njiani ungeniamkia kabla sijafungua kinywa, kwa hiyo nimeona nianze na jibu ili tusipoteze muda. Mimi sijambo, ni mguu wa kushoto tu unaonisumbua mvua zikinyesha, na natumaini huko kwenu Berega wazee ni wazima.

YAH: OMBI LA KUNG'OA MATEMBELE YA BI. PERPETUA, KUJENGA UKUTA NA KUZUIA BAKULI

Kichwa hapo juu kinajieleza, lakini mimi nitakieleza tena.

Mimi ni gadi wa treni mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimepanda na kushuka Kilosa bila kupoteza abiria hata mmoja. Nataja hilo si kwa kujisifu, bali ujue kuwa unaandikiwa na mtu aliyezoea kutambua nani anastahili kuwa ndani na nani anastahili kushuka. Na hilo ndilo shauri lenyewe.

Utakumbuka mwezi wa pili ulitupa semina pale kwenye banda la ofisi, ukatugawia karatasi yenye picha. Safu ya kushoto uliandika Wadudu Marafiki, safu ya kulia ukaandika Wadudu Waharibifu. Wenzangu wengi karatasi zao zilifungia vitumbua siku ile ile. Mimi yangu niliipigilia mlangoni kwa misumari minne, nikaisoma asubuhi na jioni kama nilivyokuwa nikisoma kanuni za reli, na tangu hapo sijapata usingizi wa mchana.

Mali ninayoilinda ni ua moja. Ni okidi, lile ua linaloishi juu ya mti bila kumdhulumu mwenyeji wake. Aliyelileta ni marehemu mke wangu, Bibiana. Alilikuta kwenye tawi lililoangukia barabarani siku moja tukitoka kwao milimani, akalifunga kwenye kipande cha taruma, lile gogo linalolala chini ya reli, kwa utepe aliouchana kwenye kanga yake, akalitundika barazani. Katika uhai wake wote lilichanua mara moja tu. Maua yalikuwa meupe, kila moja lina mkia mrefu mwembamba kwa nyuma, na harufu yake ilikuja jioni peke yake, giza likianza kuingia. Yalinyauka bila kuacha tunda, na Bibiana alisikitika sana, akasema ua lake limekosa mshenga. Mwaka uliofuata alifariki.

Sasa ni mwaka wa sita. Miaka yote hiyo ua halijatoa kitu ila majani. Mwezi wa tatu mwaka huu likatoa kikonyo chenye matumba saba. Niliyahesabu mara tatu, kisha nikatafuta mahali pa kukaa. Bi. Anitha, ninachokitaka kwa sasa katika dunia hii ni kidogo mno. Nataka tumba moja lichanue niisikie tena ile harufu. Naandika barua hii yakiwa yamebaki matatu.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usiyachanganye.

1. Marafiki wa karatasi yako hawakai.

Kile kimdudu chekundu chenye madoa meusi mgongoni, ulichokiweka cha kwanza kabisa katika safu ya kushoto, mimi nakiita Madoa. Madoa alifika kwangu bila kuitwa, akakuta vidukari, wale wadogo wanaofyonza utomvu, wamejaa kwenye kikonyo, akala kwa siku nne na jamaa zake. Nilifurahi. Nilimtengenezea hata kivuli cha gazeti. Siku ya tano vidukari walikwisha, na Madoa akaondoka na ukoo mzima bila kuaga.

Karatasi yako inasema kwa herufi nzito, WATUNZE MARAFIKI WA MKULIMA. Naomba nieleweshwe. Namtunzaje rafiki ambaye chakula chake pekee ni adui yangu? Nikiwa na adui, ua linaumia. Nikimkosa adui, rafiki anahama. Nilikaa na hesabu hiyo tangu chai ya saa nne mpaka alasiri, nikafikia uamuzi ambao nadhani hata chuoni kwenu wangeufikia, kwamba mkulima makini lazima afuge kiasi fulani cha maadui. Na kwa kuwa ofisi yako haigawi vidukari, ilinibidi niazime.

2. Bakuli.

Niliazima kwa Bi. Perpetua. Ni mjane, mwenyeji wa Magole, amehamia nyumba ya pili kutoka kwangu mwaka wa tatu sasa, na kile kiwanja kilichokuwa kitupu kati yetu amekilima kunde na matembele. Nilipiga hodi nikaeleza shida yangu kwamba naomba vidukari kidogo, kama hatajali. Mtu mwingine angeita majirani. Bi. Perpetua hakuuliza hata swali moja. Aliniambia nikae, akaenda kwenye kunde, akachagua tawi lililolemewa kuliko yote, akaliweka kwenye bakuli lake la bati lenye maua mekundu, akafunika na kifuniko, akasema kama hawatatosha nisione haya kurudi.

Mpaka hapo sina lalamiko. Lalamiko ni kwamba bakuli lilikuwa limekuja na kitu. Wewe ni mtoto uliyelelewa, unajua kuwa chombo cha jirani kikikufikia na kitu hukirudishi kitupu, unatia hata ndimu mbili. Siku hiyo nyumbani kwangu hapakuwa na ndimu wala yai. Kulikuwa na Madoa, ambaye aliposikia habari za vidukari wapya alirudi mbio na kuzaana bila mpangilio. Basi nikatia Madoa kumi na wawili, nikafunika, nikapeleka, nikashukuru. Nilidhani nimemaliza.

Kesho yake bakuli likarudi. Jirani mwema humpa mtu kile anachokipenda, na Bi. Perpetua alikuwa ameshaamua kuwa mimi napenda wadudu. Nilipofunua nilikuta konokono tisa wamepangwa vizuri juu ya jani la mgomba. Konokono ni wa pili katika safu yako ya kulia. Lakini zawadi ni zawadi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante sana dada, nikamuuliza hali ya mgongo wake, nikawaingiza maadui tisa barazani kwangu mimi mwenyewe, nikitabasamu.

Kwa jumla bakuli limevuka kiwanja kile mara kumi na tatu. Limepeleka vunjajungu wawili, likaleta buibui. Limepeleka buibui wangu mwenye miguu ya mistari, kwa kuwa wa kwake alikuwa mkubwa kuliko wangu na sikutaka nionekane mchoyo, likaleta chura. Chura yumo safu ya kushoto, nakiri, na kazi anafanya. Jongoo aliyefuata hayumo popote. Wale vunjajungu baadaye nilisikia kuwa Bi. Perpetua aliwabeba kwa kijiti akiwa amegeuza uso, maana kwao ukimgusa mdudu huyo utavunja vyombo, na kweli siku ya pili alivunja kikombe. Hakunilaumu, jambo ambalo limeniumiza kuliko angenilaumu. Sasa hivi bakuli liko kwangu, limeoshwa, liko juu ya meza linanitazama, na mimi sina cha kutia.

3. Konokono.

Marehemu alikuwa na sheria moja barazani kwake, kwamba hakiuawi kitu chochote penye ua lake. Mimi kwenye reli nilikuwa na yangu. Abiria asiye na tiketi hatupwi nje treni ikiwa inakwenda, hushushwa stesheni inayofuata kwa heshima zote. Sheria hizi mbili zimekaa vizuri ndani ya ndoa yetu na sioni sababu ya kuzitenganisha sasa.

Kwa hiyo nilianza kuwashusha konokono. Kwanza niliwashusha ng'ambo ya barabara. Ili niwatambue, niliwatia alama mgongoni kwa rangi ya kucha nyekundu niliyoikuta kwenye droo ya Bibiana. Baada ya siku nane walikuwa wamerudi wote tisa na rangi zao, wawili wakiwa wamefuatana na wageni. Nikawapeleka ng'ambo ya mto Mkondoa. Wakarudi. Sitaki kujua walivukaje.

Kufikia katikati ya Aprili walikuwa arobaini na mmoja, na tumba la kwanza lilikuwa limeliwa mpaka kwenye kikonyo. Ndipo nikakumbuka kuwa nchi yetu ina mahali palipotengwa kisheria kwa ajili ya viumbe wa porini, na si mbali. Nikawatia kwenye ndoo yenye mfuniko wa matundu, nikawawekea majani ya safari, nikapanda Haisi ya asubuhi kwenda Mikumi. Kondakta wake, Abubakari, aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba wanaohama. Akasema haidhuru, mradi wasisimame njiani.

Askari wa lango la hifadhi ni kijana mwenye adabu sana. Aliniamkia, akanipa kiti kivulini, akafungua ndoo, akaifunga. Akanieleza taratibu kwamba hifadhi haipokei kiumbe kutoka nje hata awe mdogo namna gani, kwa sababu ya magonjwa na mambo mengine ya kitaalamu. Nikamweleza kwamba tembo wa kule hutoka na kuja mashambani kwa watu bila barua ya utambulisho, hivyo si vibaya nasi tukapeleka kidogo upande wa pili ili mambo yasawazike. Akasema ananielewa kabisa, lakini hao nirudi nao. Akanipa maji ya kunywa, na konokono nao akawanyunyizia kwa sababu jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimejiandaa kumlalamikia mtu huyo na akanikosesha nafasi.

Nilifika Kilosa na konokono thelathini na wanane. Watatu walishuka mahali fulani njiani bila kunitaarifu. Miaka thelathini na moja kazini, na karatasi yako ndiyo iliyonipotezea abiria.

4. Matembele ya karanga.

Hili naliandika kwa aibu na naomba usilisome mbele ya watu. Jumapili moja nilikuta bakuli limewekwa kizingitini, limefunikwa. Kwa mazoea nililibeba moja kwa moja mpaka penye ua, nikafunua na kulimimina juu ya taruma bila kutazama, maana chura alikuwa ananisubiri. Hawakuwa wadudu. Yalikuwa matembele yaliyoungwa kwa karanga, bado ya moto, na kwa harufu yake peke yake naweza kukuhakikishia kuwa aliyeyapika hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amesikia mguu unaniuma siwezi kufika sokoni.

Matumba mawili yalinyauka kwa joto, yakadondoka siku ya pili. Chura alihama kwa siku tatu. Bi. Perpetua aliponiuliza kama mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha nilimjibu kuwa ilikuwa sawasawa, na nikaongeza kwamba nimemaliza yote. Sijawahi kudanganya tangu nistaafu. Nilikaa na njaa na uongo siku nzima.

5. Sisimizi.

Walikuja kwa ajili ya karanga. Hawamo katika safu yoyote ya karatasi yako, na hapa naomba ufafanuzi wa maandishi wenye muhuri. Asubuhi walibeba karanga zote na kulisafisha taruma mpaka likang'aa, nikawaandika kushoto. Mchana nikawakuta kwenye kikonyo wanawalinda vidukari, wanawafukuza akina Madoa, na kuwakamua vidukari hao utamu wao kama mifugo, nikawahamishia kulia. Jioni walimburuta jongoo aliyekufa na kumwondoa kabisa, nikawarudisha kushoto. Karatasi imechafuka. Kwenye reli huwezi kuwa gadi na asiye na tiketi katika safari moja.

6. Lalamiko la sita lilihusu chai ya semina. Nimelifuta kwa kuwa halihusiani na wadudu, ingawa kikombe changu kilikuwa na mmoja.

7. Tumba la nne lilivunjika wakati wa ukaguzi. Nilikuwa nalichunguza kwa lenzi kutafuta utitiri, yule wa mwisho katika safu ya kulia, mkono ukateleza. Hiyo ni ajali ya kikazi na haihusiki kwa namna yoyote na shauri hili. Naitaja ili hesabu yako ikamilike.

8. Kiwavi.

Hapa ndipo kwenye kiini, na naomba ukae vizuri.

Wiki mbili zilizopita nilichungulia matuta ya matembele ya Bi. Perpetua, nikamwona. Mnene kama kidole gumba changu, wa kijani, na mkiani ana pembe. Yuko kwenye karatasi yako, juu kabisa ya safu ya kulia, Kiwavi wa Viazi Vitamu, na pembe yake umeichora bila kumpendelea. Nilihesabu kumi na saba, ndipo woga ukanishika.

Nilimjulisha jirani mara moja nikiwa na karatasi mkononi. Alinijibu kwa upole kuwa anawafahamu. Wanakula majuma machache, kisha wanaingia ardhini, na majani yanachipua tena. Akasema matembele yapo ya kutosha. Aliyasema hayo huku akichuma mboga, na kiwavi mmoja alikuwa hapo hapo karibu na mkono wake, kila mmoja anachuma upande wake na wala hawasumbuani.

Nimepima. Kutoka tuta la mwisho mpaka kwenye taruma la Bibiana ni hatua kumi na moja za mtu mzima. Kiwavi, nimemfuata kwa saa yangu ya kazini, huenda hatua moja kwa dakika tisa. Maana yake ni kwamba wakati wowote nitakapofumba macho, matumba yangu matatu yako umbali wa dakika tisini na tisa tu kutoka kwenye msiba. Nimejaribu kulala kwa zamu na chura, lakini yeye hashiki zamu yake.

Nikaona niifuate karatasi yako mpaka inakoishia. Kiwavi ni mharibifu. Anayemlisha kiwavi anamsaidia mharibifu. Konokono tisa walitoka kwake. Vidukari walitoka kwake, hata kama niliwaomba. Matembele yaliyoangusha matumba mawili yalitoka kwenye tuta lile lile na jiko lile lile. Hakuna kiumbe hata mmoja katika safu ya kulia mwenye rekodi kama hiyo. Kwa masikitiko makubwa nimeandika jina la Bi. Perpetua katika safu ya Wadudu Waharibifu, chini ya utitiri. Nimetumia penseli.

Kutokana na hayo naomba ofisi yako ichukue hatua. Kwanza, matembele yote yang'olewe kabla ya Jumamosi, nikiwepo. Pili, ujengwe ukuta wa tofali kati yetu, wa kimo cha kumkatisha tamaa konokono aliyedhamiria. Tatu, lile bakuli la maua mekundu lichukuliwe na kuwekwa ofisini kwako kama kielelezo, na wewe ndiye uliyesoma, utajua utalirudisha na nini ndani. Nne, Bi. Perpetua azuiwe kuniletea kitu chochote kilichofunikwa, kiwe hai au kimepikwa, isipokuwa matembele ya karanga, ambayo mpaka leo sijayaonja.

Natambua kuwa ombi la kwanza na ombi la nne hayapatani. Hilo naiachia serikali.

Nisalimie mama yako huko Berega na wote wa nyumbani, mwambie dawa ya mguu aliyonielekeza inasaidia kidogo. Ukipita Mikumi msalimie yule kijana wa langoni. Ukipanda Haisi ya Abubakari, tazama chini ya viti. Chura anakusalimu. Konokono nao wapo.

Wako katika kulinda yale matatu yaliyobaki,

Makarius Thadeo,
Gadi Mstaafu.

Nakala: Bi. Perpetua, kwa taarifa. (Nimeiandika. Sijaipeleka.)

NYONGEZA, tarehe 19 Mei.

Nilikuja mwenyewe kuleta barua hii nikaambiwa uko Morogoro kwenye mafunzo, kwa hiyo imekaa kwenye mfuko wa koti langu siku kumi na saba. Naomba uisome, kisha usiifanyie kazi.

Jioni ya siku ile ile niliyokukosa, tumba moja lilichanua. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nimelielekea tuta la mwisho kwa ajili ya ulinzi. Harufu ndiyo iliyofika kwanza, kabla sijageuka kuona kitu. Nililitaja jina la mke wangu kwa sauti, kama vile ameingia kutoka sokoni.

Ndipo akaja mdudu. Nondo mkubwa wa kijivu, mwenye mistari ya waridi ubavuni, akasimama hewani mbele ya ua bila kutua, akakunjua mrija mrefu kuliko mwili wake na kuutia ndani mpaka kwenye ule mkia. Hayumo kwenye karatasi yako, kushoto wala kulia. Nilivua ndara. Wakati huo sheria ya Bibiana ilikuwa imenitoka kichwani. Mkono wangu ulikuwa juu tayari uliposhikwa.

Alikuwa Bi. Perpetua, amefuata bakuli lake. Aliniambia nitulie, huyo anamjua tangu utotoni mwake. Akanieleza kwa sauti ya chini kuwa kila akichimba matuta hukuta ardhini kitu cha kahawia chenye mkono kama wa birika, na humo ndimo anamojifungia yule kiwavi mwenye pembe. Mwaka juzi alikihifadhi kimoja ndani ya bakuli lile lile la maua mekundu mpaka akatoka nondo wa namna hiyo hiyo, akaruka kuelekea barazani kwangu. Tulisimama pale mpaka mdudu alipomaliza shughuli zake na kwenda. Bi. Perpetua alikuwa bado ameushika mkono wangu, nadhani alisahau. Mimi sikumkumbusha.

Lile ua limenyauka sasa, na nyuma yake pamevimba, kijani, urefu wa kucha. Ni tunda, Bi. Anitha. Mwaka lilipochanua kwa Bibiana hapakuwa na matembele kiwanjani, palikuwa pamefagiliwa tu. Mshenga aliyemngojea alikuwa anahitaji kwanza mahali pa kula. Na huyo ndiye niliyeandika kurasa hizi zote kuomba anyimwe chakula.

Kwa hiyo matembele yasiguswe. Nikimwona mtu na jembe pale nitamwita gadi, yaani mimi. Ukuta usijengwe. Konokono nimekubaliana nao, wamehamia kwenye majani ya mgomba nyuma ya choo, na ninawapelekea maganda. Matumba mawili yaliyobaki yalichanua juzi, na nondo amekuja tena, safari hii na mwenzake.

Bakuli nimelirudisha jana. Ndani nilitia chipukizi la ile okidi, lenye mizizi miwili, nimelifunga kwenye kipande cha taruma kwa kile kilichobaki cha utepe wa kanga ya Bibiana. Bi. Perpetua alifunua, akatazama, akafunika tena, kisha akasema sasa hajui atalirudisha na nini. Nimemwambia asihangaike na bakuli. Aje tu, jioni, wakati wa harufu. Amekuja. Amekuja na matembele ya karanga kwenye sufuria, na safari hii nilitazama kwanza.

Nilimweleza pia habari za ile Jumapili. Alicheka mpaka akashika ukuta wa baraza, akasema alijua siku ile ile, maana sisimizi walipita kwake na karanga.

Kuhusu karatasi yako, bado ipo mlangoni. Jina la Bi. Perpetua nimelifuta safu ya kulia na kuliandika safu ya kushoto, juu ya Madoa, kwa wino. Palipobaki wazi chini ya utitiri nimeandika la kwangu, kwa penseli, kwa ajili ya lile tumba la lalamiko namba saba na kwa ajili ya barua hii. Usihangaike kuja kukagua. Kifutio anacho Bi. Perpetua, na anasema hana haraka.